Deni Lisilo na Karatasi

Nchini Marekani, heshima ya mtu mbele ya benki huandikwa katika madaftari ambayo yeye mwenyewe hakuyafungua, hayatunzi, na mara nyingi hajapata hata kuyaona. Madaftari hayo ni ripoti za mikopo, yaani kumbukumbu za kila mkopo aliouchukua, marejesho aliyoyafanya, siku alizochelewa na madeni yaliyomshinda, nazo hutunzwa na kampuni tatu za binafsi, Equifax, Experian na TransUnion, zinazoziuza kwa benki, kwa wenye nyumba za kupangisha, kwa kampuni za bima na, katika majimbo mengi, hata kwa waajiri. Kutokana na kumbukumbu hizo hukokotolewa alama ya mikopo, namba ambayo katika mizani inayotumika zaidi huanzia 300 na kuishia 850, na ambayo huamua kama mtu atapata mkopo wa nyumba, atatozwa riba gani, na kama ataombwa amana kubwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa chumba. Deni moja lililoingizwa humo na mkusanya madeni, yaani kampuni inayofuatilia madeni ya wengine au inayoyanunua ili iyafuatilie kwa faida yake yenyewe, laweza kumwandama mtu kwa miaka saba, liwe la kweli au la uongo, liwe lake au la mtu mwenye jina linalofanana na lake. Dhidi ya hali hiyo sheria ya Marekani imempa mdaiwa chombo kinachoonekana kidogo mno, nacho ni barua. Chombo hicho kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, lakini jinsi kilivyoundwa kinaiacha dhuluma moja kubwa bila kuigusa, kwa kuwa kinamtaka mdaiwa aombe ushahidi ambao mdai alipaswa kuwa nao mkononi kabla ya kufungua kinywa.

Biashara ya kuandika sifa za wakopaji ni ya zamani. Mwaka 1899 ilianzishwa mjini Atlanta kampuni iliyoitwa Retail Credit Company, ambayo kwa miongo mingi ilikusanya habari za watu, zikiwamo tabia zao, ndoa zao na maneno ya majirani juu yao, ikawauzia wafanyabiashara na kampuni za bima bila wahusika kujua kilichoandikwa. Malalamiko yalipozidi, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1970 Sheria ya Haki katika Taarifa za Mikopo, iliyompa raia haki ya kujua yaliyomo katika jalada lake na kuyapinga yasiyo sahihi. Miaka mitano baadaye kampuni hiyo ilibadilisha jina na kuwa Equifax. Mwaka 1977 ikafuata Sheria ya Ukusanyaji wa Madeni kwa Haki, ambayo katika utangulizi wake Bunge lilieleza kwamba mbinu za matusi na udanganyifu za wakusanya madeni zilikuwa zikichangia watu kufilisika, ndoa kuvunjika, kazi kupotea na faragha kuingiliwa. Sheria hizi mbili, ya daftari na ya mkusanyaji, ndizo zinazoipa barua ya mdaiwa uzito wake, na asiyezitofautisha hupoteza nusu ya haki zake, kama itakavyoonekana.

Ili nguvu ya barua ieleweke, yafaa kwanza kufahamu jinsi deni linavyosafiri. Mtu asipolipa kadi yake ya mkopo kwa siku 180, benki huliondoa deni hilo katika hesabu ya mali zake na kulihesabu kuwa hasara. Kufanya hivyo hakulifuti, bali hulifanya bidhaa. Benki hulikusanya pamoja na maelfu mengine na kuyauza kwa jumla kwa wanunuzi wa madeni, nao huweza kuyauza tena kwa wengine. Tume ya Shirikisho ya Biashara, iliyochunguza wanunuzi wakubwa tisa na kutoa ripoti yake mwaka 2013, ilikuta kwamba kampuni hizo zilikuwa zimenunua madeni yenye thamani ya dola bilioni 143 kwa dola bilioni 6.5 tu, yaani senti nne na ushei kwa kila dola. Kilichohamishwa katika mauzo hayo, kwa sehemu kubwa, kilikuwa jedwali la kompyuta lenye majina, anwani na kiasi kinachodaiwa, huku mikataba na taarifa za akaunti zikibaki kwa benki ya awali au zikipotea kabisa. Baadhi ya mikataba ya mauzo ilisema wazi kwamba muuzaji hadhamini usahihi wa takwimu anazoziuza. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mambo yamegeuka, kwa kuwa mali yenyewe ni daftari, na lililopotea ni jambo lililoandikwa ndani yake.

Katika hali hiyo, barua ya kudai ushahidi hugusa mahali penye udhaifu mkubwa kuliko pote. Sheria ya 1977 inamtaka mkusanyaji, ndani ya siku tano tangu alipowasiliana na mdaiwa kwa mara ya kwanza, ampelekee taarifa ya maandishi inayotaja kiasi cha deni, jina la anayedai, na haki ya mdaiwa kulipinga. Mdaiwa akiandika barua ya kupinga ndani ya siku 30 tangu alipoipokea taarifa hiyo, mkusanyaji analazimika kusimamisha ukusanyaji wote mpaka atakapopata uthibitisho wa deni na kumpelekea. Akiulizwa, lazima pia ataje jina na anwani ya mdai wa awali. Ripoti ile ya 2013 inaonyesha matokeo yake kwa namba iliyopaswa kutikisa mabunge, kwamba katika madeni yaliyopingwa na wadaiwa, wanunuzi waliweza kuthibitisha takriban asilimia 51 tu. Ni kweli kwamba kutothibitishwa si sawa na kutokuwapo, na huenda sehemu ya madeni hayo ilikuwa halali na karatasi zake zilikosekana tu. Hata hivyo, mfanyabiashara ambaye nusu ya madai yake huanguka mara tu anapoulizwa swali moja hawezi kusemwa kwamba ameonewa na sheria inayomtaka ajibu.

Njia ya kutuma barua hiyo nayo ina maana ya kisheria. Mdaiwa anayelipinga deni kwa simu hupata ulinzi mdogo, hasa kwamba mkusanyaji akitoa habari za deni hilo hawezi kuficha kwamba limepingwa. Sharti la kusimamisha ukusanyaji huja na maandishi. Kwa sababu hiyo mawakili wanaowatetea wadaiwa husisitiza barua ya kusajiliwa yenye hati ya mapokezi, yaani kadi inayotiwa saini na mpokeaji na kurudishwa kwa mtumaji, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa, na mbele ya hakimu atakayeulizwa ni yule asiye na stakabadhi. Tangu tarehe 30 Novemba 2021, zilipoanza kutumika kanuni mpya za Ofisi ya Shirikisho ya Kulinda Wateja wa Huduma za Fedha, mdaiwa anaweza pia kupinga kwa njia ya kielektroniki iwapo mkusanyaji mwenyewe hupokea mawasiliano kwa njia hiyo. Posta, hata hivyo, imebaki na faida ya kuacha alama isiyo mikononi mwa upande wowote wa mgogoro. Barua yenyewe haihitaji maneno mazito ya kisheria: yatosha kutaja namba ya deni, kusema kwamba linapingwa, kuomba uthibitisho na jina la mdai wa awali, na kuepuka sentensi yoyote inayokiri kwamba deni ni la mwandishi, kwa kuwa katika majimbo kadhaa kukiri kwa maandishi huufufua muda wa kushtaki uliokwisha kupita.

Mpaka hapa sheria yaonekana kuwa ngao nzuri, lakini mahakama zimeipunguza unene. Mwaka 1999, katika shauri la Chaudhry dhidi ya Gallerizzo, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nne iliamua kwamba uthibitisho unaotakiwa si zaidi ya mkusanyaji kuthibitisha kwa maandishi kuwa kiasi anachodai ndicho mdai anachosema anadai. Kwa tafsiri hiyo mdaiwa aliyeomba mkataba wenye saini yake aweza kupewa karatasi inayorudia namba ileile anayoipinga, na sheria ikahesabiwa kuwa imetimizwa. Ni vigumu kuona jinsi uthibitisho wa namna hiyo unavyoweza kumsaidia mtu aliyechanganywa na mwingine, au aliyeibiwa utambulisho wake, yaani ambaye mwizi ametumia jina na namba zake kuchukua mkopo. Kosa lililozaa dai ndilo litakalozaa jibu. Mwaka 2017, katika shauri la Henson dhidi ya Santander, Mahakama Kuu ya Marekani iliongeza ufa mwingine ilipoamua kwamba kampuni iliyonunua madeni na kuyakusanya kwa faida yake haiingii katika sehemu mojawapo ya tafsiri ya mkusanya madeni iliyomo katika sheria ya 1977, kwa kuwa haikusanyi madeni ya mwingine. Ukusanyaji ukiwa ndio shughuli yake kuu, bado yaweza kubanwa na sehemu nyingine ya tafsiri hiyohiyo.

Barua ya pili, ile inayokwenda kwa kampuni zinazotunza ripoti, inasimama juu ya sheria ya 1970 nayo ina masharti yake. Kampuni iliyopokea pingamizi inapaswa kuchunguza ndani ya siku 30, zinazoweza kufika 45 iwapo mlalamikaji ataleta habari za ziada katikati ya uchunguzi, na habari isiyoweza kuthibitishwa ni lazima ifutwe au irekebishwe. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo limewagharimu, ni kwamba mtu anayemwandikia mkusanyaji peke yake hapati haki ya kumshtaki chini ya sheria hiyo kwa kukataa kurekebisha taarifa. Haki hiyo huzaliwa pale tu pingamizi linapopitia kwa kampuni ya ripoti, nayo ikampelekea mtoa taarifa. Kwa hiyo barua mbili zinahitajika, na kila moja ina kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya. Kasoro kubwa ya hatua hii ni kwamba barua yenye kurasa tano na viambatisho hugeuzwa, katika mfumo wa kompyuta unaotumiwa na kampuni zote tatu, kuwa tarakimu chache za msimbo, kwa mfano ule unaomaanisha kwamba mteja anasema akaunti si yake, na uchunguzi wote huweza kuwa ni kompyuta ya mkusanyaji kulinganisha msimbo huo na jedwali lilelile lenye kosa. Ikumbukwe kwamba utafiti wa Tume ya Shirikisho ya Biashara uliotangazwa mwaka 2013, uliohusisha watu 1,001, ulionyesha kuwa mmoja kati ya wanne alibaini kosa ambalo lingeweza kuathiri alama yake, na takriban mmoja kati ya ishirini alikuwa na makosa makubwa kiasi cha kumfanya alipie mikopo au bima kwa bei ya juu.

Madeni ya matibabu yanaonyesha udhaifu huu kwa uchungu zaidi, kwa sababu mgonjwa hakuchagua kukopa wala hakujua bei. Bili ya hospitali hupita kwa kampuni ya bima, hurudi, hukataliwa, hutumwa upya, na katikati ya mabishano hayo huuzwa kwa mkusanyaji huku mgonjwa akidhani kwamba bima imelipa. Mwaka 2022 ofisi ya shirikisho iliyotajwa hapo juu ilikadiria kwamba bili za matibabu zenye thamani ya dola bilioni 88 zilikuwa zimeandikwa katika ripoti za mikopo. Kampuni tatu za ripoti zilikubali kuyaondoa madeni ya matibabu yaliyokwisha kulipwa, kusubiri mwaka mmoja kabla ya kuandika yasiyolipwa, na tangu Aprili 2023 kutoandika yaliyo chini ya dola 500. Januari 2025 ofisi hiyo ilitangaza kanuni ya kuyaondoa yote. Mwezi uliofuata watumishi wake waliamriwa na uongozi mpya kusimamisha kazi, na Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho jimboni Texas ikaitengua kanuni yenyewe. Hali hiyo imemrudisha mgonjwa kwenye bahasha yake na stempu.

Kuitetea barua si kutetea kukwepa deni, na hapa ndipo pengine madhara mengi hufanyika. Limezuka kundi la wafanyabiashara wanaouza vielelezo vya barua kana kwamba ni hirizi, wakiahidi kwamba hata deni la kweli litafutika mkopaji akituma pingamizi mara nyingi vya kutosha. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inawakataza watu hao kupokea malipo kabla ya kazi kukamilika na kuwashauri wateja waseme uongo, na inatakiwa kutekelezwa kwa ukali. Kampuni ya ripoti ina haki ya kutupilia mbali pingamizi lisilo na msingi, na barua halisi ya mtu aliyeonewa huzama katika shehena ya barua za kunakiliwa. Dawa ya deni ni kulipa, na msemo huu haujapoteza ukweli wake kwa kuvuka bahari. Lakini dawa hutolewa baada ya ugonjwa kujulikana, na mtu anayelipa deni asilokuwa nalo hajatibu chochote. Kwa deni lililothibitishwa, barua bado ina kazi ya heshima, yaani kupatana juu ya kiasi na kupata makubaliano kwa maandishi kabla ya kutuma senti moja. Baadhi ya wakusanyaji hukubali kufuta taarifa baada ya malipo, ingawa kampuni za ripoti hazipendi mapatano hayo kwa hoja kwamba yanaharibu ukweli wa kumbukumbu. Hoja hiyo haikosi uzito, ila ingesikika vizuri zaidi kama ukweli wa kumbukumbu ungelindwa kwa bidii ileile wakati wa kuziingiza.

Yapo pia mambo mawili ya muda ambayo watu huyachanganya kila siku. Miaka saba ya kukaa katika ripoti huhesabiwa tangu mtu alipoanza kushindwa kulipa, kwa nyongeza ya siku 180 kwa madeni yaliyopelekwa kwa wakusanyaji, na kuuzwa kwa deni hakuianzishi upya. Mkusanyaji anayebadilisha tarehe hiyo anavunja sheria. Ukomo wa muda wa kushtaki ni jambo jingine, hutegemea jimbo, na katika majimbo mengi ni kati ya miaka mitatu na sita. New York iliupunguza kuwa miaka mitatu na kuamua kwamba malipo madogo hayaufufui, wakati katika majimbo mengine mengi dola chache zilizolipwa kwa huruma au hofu huianzisha saa upya. Zaidi ya yote, barua kwa mkusanyaji si jibu la hati ya kuitwa mahakamani. Taasisi ya Pew ilionyesha mwaka 2020 kwamba zaidi ya asilimia 70 ya mashauri ya madeni huishia katika hukumu ya upande mmoja, yaani inayotolewa kwa sababu mdaiwa hakujibu, na hukumu hiyo hufungua mlango wa kukatwa mshahara. Baadhi ya waliohukumiwa hawakuwahi hata kupewa hati: shauri lililofunguliwa New York mwaka 2009 dhidi ya mnunuzi wa madeni, mawakili wake na wasambaza hati walioshutumiwa kuapa kwa uongo lilimalizika kwa makubaliano ya dola milioni 59.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku, wamepewa makazi Marekani katika miaka ya karibuni, na safari yao ya ndege ililipiwa kwa mkopo usio na riba wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ulioanza kurejeshwa miezi michache baada ya kufika. Familia ilianza maisha mapya ikiwa tayari ni mdaiwa, jambo ambalo likisimamiwa vizuri huweza kuijengea jina jema. Bahasha ya mkusanyaji inapokuja, hata hivyo, huja kwa Kiingereza. Kanuni za 2021 zimeweka utaratibu wa taarifa kwa Kihispania, tena kwa hiari ya mkusanyaji, na hakuna sharti la shirikisho la namna hiyo kwa Kiswahili. Haki inayokufa baada ya siku 30 kwa mtu anayehitaji wiki tatu kumpata wa kumsomea barua ni haki ya wenye lugha.

Kenya, ambako TransUnion nayo hufanya biashara, inatoa funzo moja. Kanuni zake za taarifa za mikopo zinamtaka mkopeshaji amwarifu mteja siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya kwenye kampuni ya taarifa, ilhali kanuni za Marekani zinamtaka mkusanyaji awe amezungumza na mdaiwa au amemtumia barua na kusubiri, kwa kawaida siku 14, kabla ya kuliandika deni. Nchi zote mbili bado zimesimama hatua moja nyuma ya pale panapostahili, kwa kuwa taarifa ya mapema humpa mtu nafasi ya kulalamika, haimpi ushahidi.

Mageuzi yanayohitajika yanaeleweka kwa urahisi. Kampuni ya ripoti isipokee deni kutoka kwa mkusanyaji yeyote mpaka mkusanyaji huyo awe amewasilisha mkataba au bili ya awali, mnyororo wa mauzo unaoonyesha deni lilivyotoka mkono hadi mkono, na hesabu inayotenganisha mkopo, riba na ada. Na karatasi hizo zitumwe kwa mdaiwa bila kuombwa. Wanunuzi watadai kwamba gharama itakuwa kubwa, na kwa kiasi fulani watakuwa wanasema kweli. Gharama hiyo lakini haitazuka upya, kwani ipo hata leo, ila leo inalipwa na muuguzi anayeomba ruhusa kazini ili awahi posta, na mzee anayelipa deni la mtu mwenye jina kama lake kwa kuogopa simu. Ikihamishiwa kwa wanunuzi, madeni yenye karatasi kamili yatapanda bei, benki zitaona faida ya kutunza mikataba yao, na majedwali yasiyo na ushahidi hayatapata mnunuzi hata kwa hizo senti nne.